Kitabu cha adui mkononi: mchawi hujifunzaje afsuni mpya?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nacheza mchawi wa ngazi ya 5 katika Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la tano, vitabu vya 2014. Akili yake ni 18. Juzi tulimwangusha mchawi aliyekuwa akitusumbua tangu mwanzo wa kisa, nami nikachukua kitabu chake cha afsuni. Ndani nimekuta afsuni 10 nisizokuwa nazo: 4 za daraja la 1, 3 za daraja la 2, 2 za daraja la 3 na 1 ya daraja la 4. Nikataka nizitumie kesho yake asubuhi. Msimamizi wetu, yaani anayetuendeshea mchezo, akakataa. Akasema kila afsuni niirushie dadu, nikishindwa ndiyo basi tena, na juu ya hapo nilipe dhahabu. Mimi nina sarafu 300 tu. Lakini nilipopanda ngazi nilipewa afsuni 2 bila dadu wala malipo. Kwa nini hizi zinigharimu? Nani ana haki hapa? Na je, michezo mingine nayo iko hivi?"

Jibu: Salama, ndugu yangu. Nitoe hukumu kwanza, sababu zije baadaye. Kwenye dhahabu msimamizi wako yuko sawa. Kwenye dadu amekosea, ikiwa kweli mnafuata toleo la tano. Nawe umekosea kutaka kuzitumia kesho yake, kwa sababu afsuni iliyomo kwenye kitabu cha mwingine si yako mpaka uiandike upya kwenye kitabu chako. Ile ya daraja la 4 ndiyo kabisa: hata ungekuwa na dhahabu ya kujaza chumba, leo huwezi kuinakili.

Tutenganishe mambo matatu ambayo wachezaji wengi huyaita yote "kujua afsuni". La kwanza ni kuwa nayo kitabuni. La pili ni kuiandaa, yaani kuichagua baada ya mapumziko marefu iwe miongoni mwa zile utakazokuwa nazo kichwani siku hiyo. La tatu ni kuitumia, na hapo ndipo nafasi zako za siku, yaani mara unazoweza kutumia afsuni za kila daraja, zinapopungua. Mchawi wako wa ngazi ya 5 mwenye Akili 18 huandaa afsuni 9 kwa siku: ngazi yake 5, ongeza 4 ambazo ni nyongeza ya Akili 18. Nafasi zake ni 4 za daraja la 1, 3 za daraja la 2 na 2 za daraja la 3. Kitabuni ana afsuni zisizopungua 14, maana alianza na 6 na akaongeza 2 katika kila ngazi tangu ya pili. Kwa hiyo hata kabla ya kumwangusha adui yako, kila asubuhi ulikuwa unaacha afsuni 5 au zaidi bila kuziandaa. Kunakili kitabu cha adui hakukuongezei nguvu ya siku, bali kunakuongezea uchaguzi wa asubuhi. Ukilielewa hilo, nusu ya hasira yako itapoa.

Sasa zile 2 za bure. Kanuni zinasema wazi zinatoka wapi: ni matunda ya utafiti wa mchawi mwenyewe. Kila jioni mnapopiga kambi, wenzako wakinoa panga, mhusika wako anakaa na kitabu chake akijaribu hiki na kile. Unapopanda ngazi, tunahesabu kwamba majaribio hayo yamezaa. Ndiyo maana hulipi, hurushi dadu, na hakuna anayekuuliza ulizisoma wapi. Unachagua mwenyewe kutoka orodha nzima ya afsuni za wachawi, mradi uwe na nafasi za daraja hilo. Watu huziona hizi 2 kama zawadi ndogo, lakini mimi naziona ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa sababu ndizo pekee ambazo msimamizi hana mkono ndani yake. Nyingine zote unategemea uzikute duniani.

Na kukuta tu hakutoshi. Kila mchawi huandika kwa alama zake mwenyewe. Chukulia Tufe la Moto, ambalo ni la daraja la 3, na tuseme limo kwenye kitabu ulichonyang'anya. Unafungua ukurasa, unaona mistari, michoro na vifupisho ambavyo mwenyewe alivielewa lakini kwako ni kama daftari la mwanafunzi mwenzako aliyejitungia mwandiko wa siri. Kazi ya kwanza ni kupata umbo la jumla la afsuni, kisha kuvunja mfumo wa alama zake. Ya pili ni mazoezi: kutamka sauti zinazohitajika, kupinda vidole inavyotakiwa, tena na tena mpaka uielewe. Tufe la Moto hutumia kijipira cha kinyesi cha popo na salfa, hivyo mazoezi nayo hula malighafi. Ya tatu ni kuiandika kwenye kitabu chako, kwa alama zako wewe, kwa wino mzuri. Kanuni zimeweka kazi hiyo yote katika saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja. Kwa Tufe la Moto, basi, ni saa 6 na sarafu 150.

Hizo sarafu 50 si ada ya mtu wala kodi ya msimamizi. Ni gharama ya malighafi unayoichoma ukijaribu, pamoja na wino. Ushahidi ni huu: ukitaka kunakili kitabu chako mwenyewe kiwe na pacha wake, bei inashuka hadi sarafu 10 na saa 1 kwa kila daraja. Alama unazijua tayari na mazoezi ulishamaliza, kwa hiyo unalipia wino na muda tu.

Tukipiga hesabu ya kitabu chako, 4 za daraja la 1 ni madaraja 4. Tatu za daraja la 2 ni 6. Mbili za daraja la 3 ni 6 nyingine. Jumla madaraja 16, yaani saa 32 na sarafu 800. Wewe una 300. Ile ya daraja la 4 siihesabu, kwa kuwa sharti la kunakili ni afsuni iwe ya daraja unaloweza kuandaa, nawe utafika huko ngazi ya 7. Hukuniambia pia umechagua tawi gani la uchawi ulipofika ngazi ya 2. Katika vitabu vya 2014, kila moja kati ya matawi 8 humpunguzia mchawi nusu ya dhahabu na nusu ya muda kwa afsuni za tawi lake. Kama tawi lako ni lile la kuita nguvu za moto, radi na baridi, Tufe la Moto litakugharimu saa 3 na sarafu 75. Angalia karatasi ya mhusika wako. Nimeona wachezaji wakipita ngazi kadhaa wakilipa bei kamili kwa kusahau mstari huo. (Wanaotumia vitabu vya 2024 hawana punguzo hilo: bei ya kawaida imebaki ileile, ila mchawi wa tawi hupewa afsuni 2 za tawi lake bure anapolichagua, na moja zaidi kila anapofikia daraja jipya la nafasi.)

Je, usingeweza hata kuazima, uandae moja kwa moja kutoka kitabu cha adui bila kuinakili? Katika toleo la tano, hapana. Unaandaa kutoka kitabu chako tu. Lakini katika toleo la 3.5 iliwezekana: ulirusha dadu kila siku uliyotaka kuandaa afsuni kutoka kitabu cha kuazima. Hapa ndipo ninapoanza kumwelewa msimamizi wako, maana nadhani alianza kucheza zamani kuliko wewe.

Toleo la kwanza kabisa la mchezo lilitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Namna uchawi unavyofanya kazi ndani yake iliazimwa sehemu kubwa kutoka kwa mwandishi Jack Vance, ambaye katika hadithi zake za 1950 wachawi hukariri afsuni chache kwa shida, na kila wanapoitamka moja inafutika akilini mpaka waisome tena. Gygax hakuficha deni hilo. Hata Vecna, yule mchawi mfu maarufu wa mchezo huu, jina lake ni herufi za Vance zilizopangwa upya. Kutoka huko tukapata kitabu, tukapata kusoma kila asubuhi, na tukapata wazo kwamba kichwa cha mchawi kina mwisho wa kubeba.

Matoleo yaliyofuata yakaongeza bahati. Katika Advanced Dungeons & Dragons, ambayo kitabu chake cha wachezaji kilitoka 1978, kulikuwa na jedwali la asilimia. Mchawi mwenye Akili 18 alikuwa na nafasi ya asilimia 85 ya kuielewa afsuni fulani. Mwenye 15, asilimia 65. Wa Akili 9, asilimia 35, huyo angefanya vizuri kutafuta upanga. Tena palikuwa na kikomo cha afsuni ambazo mchawi angeweza kuzijua katika kila daraja, kwa hiyo hata ukiwa na maktaba nzima ungejaza ukafika mwisho. Toleo la pili la 1989 likalegeza kidogo: ukishindwa leo, unangoja hadi upande ngazi. Kisha likaja toleo la tatu mwaka 2000 na marekebisho yake ya 3.5 mwaka 2003. Hapo asilimia zikaondoka, ukarusha dadu ya pande 20 ukiongeza ustadi wako wa elimu ya afsuni, na lengo lilikuwa 15 kujumlisha daraja. Ukishindwa, huwezi kujaribu tena mpaka uongeze alama katika ustadi huo. Gharama nayo, katika 3.5, ilikuwa kali: sarafu 100 kwa kila ukurasa, ukurasa mmoja kwa kila daraja, na siku nzima kwa kila afsuni. Afsuni zako 9 zingekula siku 9 na sarafu 1,600.

Ndiyo maana nasema msimamizi wako hakujitungia. "Rusha dadu, ukishindwa ndiyo basi" ni kanuni halali kabisa, isipokuwa ni ya mchezo aliocheza zamani. Katika toleo la tano wabunifu waliondoa dadu kwenye kitabu, nadhani kwa sababu tayari wameweka malipo na muda, na kushindwa juu ya hayo mawili ilikuwa adhabu juu ya adhabu.

Ila kuna sehemu moja waliibakiza, na inawezekana ndiyo iliyomchanganya. Gombo. Ukikuta afsuni ya mchawi kwenye gombo badala ya kitabu, unaweza kuinakili pia, lakini hapo unarusha dadu ya Akili kwa elimu ya uchawi, lengo likiwa 10 kujumlisha daraja. Ushinde usishinde, gombo linateketea. Kwa mhusika wako aliyesomea elimu hiyo, nyongeza yake ni 7: Akili 4 na umahiri 3. Gombo la daraja la 3 linataka 13, kwa hiyo unahitaji dadu ionyeshe 6 au zaidi, nafasi ya asilimia 75. Usipoisomea, nyongeza ni 4 na nafasi inashuka hadi asilimia 60. Saa na sarafu zinabaki zilezile. Tofauti ina mantiki ukiifikiria: gombo ni uchawi uliokwisha kufungwa tayari kulipuka, na kulisoma kwa kulidadisi ni kulifungua. Kitabu ni maandishi ya kujifunzia, yanaweza kusomwa mara elfu yasiharibike.

Utamwambiaje msimamizi bila kuvunja meza? Usimshushie kanuni mbele ya wenzako katikati ya mchezo. Mtafute pembeni kabla ya kikao kijacho, mwonyeshe ukurasa wa maelezo ya kitabu cha afsuni, na umuulize kama anapenda kubaki na dadu kwa makusudi. Anaruhusiwa. Mchezo ni wake pia. Lakini kama anabaki nayo, mwombe abadilishe adhabu. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la 2019 imelishughulikia vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu. Dadu ipo, na kunakili ni saa 1 kwa kila daraja. Ukishindwa kawaida hupotezi malighafi, unasubiri tu kabla ya kujaribu tena. Ukishindwa vibaya sana, nusu ya malighafi inakwenda. Ukishinda vizuri sana, unatumia nusu tu. Hapo dadu ina ladha pande zote mbili, wala mchawi hafungiwi mlango milele kwa mrusho mmoja mbaya.

Na kuna hoja moja ya haki ambayo ningemweleza msimamizi yeyote. Kuhani katika kundi lenu anaandaa afsuni zake kila siku kutoka orodha nzima ya makuhani. Hanunui wino, hanakili, hatafuti maktaba. Mchawi wa kuzaliwa na uchawi damuni hana kitabu kabisa; anajua chache na anazijua daima. Mchawi msomi peke yake ndiye aliyepewa njia ya kukuza hazina yake bila kikomo, na njia hiyo inapita mikononi mwa msimamizi. Msimamizi asiyeweka vitabu, magombo wala wachawi wengine katika dunia yake amemnyima mchawi sehemu kubwa ya ustadi wake, hata kama hakukusudia. Wako ameweka. Hilo mshukuru.

Umeuliza habari ya michezo mingine. Nitapita haraka, maana kila mmoja ungehitaji jibu lake.

GURPS haina vitabu vya lazima. Kila afsuni ni ustadi unaoununua kwa pointi kama vile kuogelea au kupanda farasi, na nyingi zina masharti ya afsuni zinazotangulia. Huko hufiki kwenye tufe la moto mpaka ujue kwanza kuwasha moto, kisha kuuumba, kisha kuuelekeza. Matokeo yake mchawi ana mti wa elimu unaoonekana, lakini hana sababu ya kuvamia maktaba ya mtu. Call of Cthulhu, iliyotoka 1981, inavyo vitabu, ila kuvisoma kunakula akili timamu ya mhusika. Unajifunza afsuni na kidogo kidogo unarukwa na akili. Huko mchezaji mwerevu hukifunga kitabu.

Dungeon Crawl Classics ya 2012 imeegemea kwenye bahati hadi mwisho. Afsuni unazoanza nazo zinaamuliwa na dadu, na dadu nyingine huamua jinsi afsuni ileile inavyojitokeza kwa mchawi huyu tofauti na yule. Mmoja akiitumia inamjia na madhara ya ajabu, mwingine inamjia na nguvu ya ziada. Nusu ya raha ni kugundua umepewa nini.

Ninaoupenda kuliko yote ni Ars Magica ya 1987, kazi ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Mwanagenzi hukaa kwa mwalimu wake miaka 15 kabla ya kuitwa mchawi. Uchawi wote umejengwa kwa vitenzi 5 na nomino 10 za Kilatini: kuumba, kutambua, kugeuza, kuharibu na kutawala, upande mmoja, moto, maji, hewa, ardhi, mwili, akili na kadhalika, upande wa pili. Ukitaka afsuni mpya, unajifungia maabara na muda unahesabiwa kwa misimu ya mwaka. Kujifunza kutoka maandishi ya mwingine kunachukua msimu. Kubuni mwenyewe kunaweza kuchukua misimu kadhaa. Wenzako wakikuita vitani katikati ya msimu, kazi yako inaharibika. Nimeona mabishano matamu sana mezani juu ya nani atoke kwenda kuokoa kijiji, kwa sababu kila mchawi yumo kwenye utafiti wake na hataki kuuacha. Katika Dungeons & Dragons kujifunza hufanyika kati ya safari. Katika Ars Magica kujifunza ndiko kunakobeba maisha ya mhusika, na safari ndiyo usumbufu.

Turudi kwako na sarafu zako 300, maana zinatosha madaraja 6 na lazima uchague.

Wengi wangekwenda moja kwa moja kwa zile 2 za daraja la 3, 150 kwa 150, pesa imekwisha. Mimi nisingefanya hivyo. Angalia kwanza katika zile 4 za daraja la 1 kama kuna zenye alama ya tambiko. Mchawi akiwa na afsuni ya tambiko kitabuni anaweza kuifanya bila kuiandaa na bila kutumia nafasi yoyote, mradi kitabu kiwe mkononi na aongeze dakika 10 kwenye muda wake. Kugundua uchawi, kutambua kifaa, kuelewa lugha, kuita mnyama wa kukufuata, kuweka king'ora kambini, zote hizo ni za daraja la 1 na zote zina tambiko. Kwa sarafu 50 unapata kitu utakachokitumia kila siku mpaka mwisho wa kisa, tena hakigombanii zile nafasi 9 za maandalizi. (Tahadhari ndogo: kutambua kifaa kunahitaji lulu ya sarafu 100, ambayo haiishi, na kuita mnyama kunachoma vitu vya sarafu 10 kila mara.)

Kwa hiyo, kama zipo 3 za tambiko, chukua hizo kwa 150, kisha moja ya daraja la 3 kwa 150 zilizobaki. Kama ipo moja tu, chukua hiyo kwa 50, moja ya daraja la 3 kwa 150, na moja ya daraja la 2 kwa 100. Katika daraja la 3 chagua ile inayofanya kazi ambayo afsuni zako za sasa haziwezi. Kama tayari una njia ya kuunguza kundi la maadui, ya pili ya kuunguza haitaongeza kitu siku ambayo mlango umefungwa au rafiki yako amelogwa.

Muda nao uupange. Saa 12 za madaraja 6 si lazima zikae pamoja. Kila afsuni ina saa zake, hivyo ya daraja la 1 inaingia kwenye jioni moja. Mapumziko marefu ni saa 8, na kanuni zinaruhusu hadi saa 2 ndani yake za shughuli nyepesi kama kusoma au kulinda kambi. Kanuni hazisemi kama kunakili ni shughuli nyepesi. Mimi mezani kwangu naruhusu, kwa kuwa ni kusoma na kuandika, na kwa kuwa mchawi anayekesha na wino huku wenzake wakikoroma ni picha ninayoitaka. Muulize wako. Mhusika wako akiwa wa jamii ya elf, anayepumzika kwa saa 4 badala ya kulala, hata huhitaji kuuliza: saa 4 zinabaki kila usiku wenzako wakiwa usingizini.

Kitabu cha adui usikiuze baada ya kunakili hizo chache. Zimebaki sarafu 500 za kazi ndani yake, na ile ya daraja la 4 utaihitaji ngazi ya 7. Isitoshe, mkono mtupu haulambwi: mkikutana na mchawi mwingine mjini, ukurasa ambao hana ndio utakaomfanya akufungulie kitabu chake. Gharama ya kunakili utalipa vilevile, lakini ruhusa utakuwa umeipata kwa kubadilishana, na kitabu chenyewe unabaki nacho.

Na sarafu zitakazofuata, kabla ya kurudi kwenye orodha, tengeneza pacha wa kitabu chako. Afsuni zako 14, nikikadiria 8 za daraja la 1, 4 za daraja la 2 na 2 za daraja la 3, ni madaraja 22: sarafu 220 na saa 22, ukiongeza 50 za kitabu kitupu chenye kurasa 100. Kiache mahali pakavu, mbali na begi lako. Mchawi aliyepoteza kitabu hubaki na zile alizoziandaa tu; hizo anaweza kuziandika upya kutoka kichwani kwa bei hiyohiyo ya sarafu 10, lakini nyingine zote zimekwenda. Msimamizi wako ameshaona jinsi kitabu cha mchawi kinavyoweza kuibwa baada ya vita, na wazo hilo limetoka kwako.